Siku Mjukuu Wako Alipotugeuzia Mgongo Kericho

Mpendwa ndugu yangu Kiplangat,

Kabla sijakusalimia, ni vizuri ujue siku hizi unaongea na nani. Tangu ulipotuacha, hii Kipkelion yote inanitegemea mimi. Chifu hawezi kuita mkutano kabla hajauliza kama nina nafasi. Maziwa hayaondoki kwa kituo cha ushirika mpaka nipite pale nikohoe. Hata mvua, msimu uliopita ilipochelewa, nilisimama juu ya shamba lako nikaitolea maneno makali, na kabla sijafika nyumbani ilikuwa imenilowesha mpaka soksi. Watu waliona. Kwa hiyo usishangae nikikuambia kwamba majuzi hospitali moja ya Kericho, na mashine zake zote, ilifika mahali ikakwama, na ikabidi mimi niingilie kati.

Sasa salamu. Huku tuko wazima. Ng'ombe wako yule mwekundu alizaa tena, ndama ana paji jeupe na kiburi kama cha mwenye boma. Majani chai yanachipuka haraka kuliko mikono yetu. Kofia yako ninaivaa mimi kwenda kanisani. Usikasirike, ilikuwa inapoteza umbo pale kwa msumari.

Habari kubwa ni hii: Cherotich wako ana mimba. Ndiyo, yule msichana aliyekuwa anajificha chini ya kitanda akisikia radi, sasa yeye ndiye anabeba mtu. Bwanake, Kirui, yule kijana mrefu asiyemaliza chai kwa kikombe, ni dereva wa lori, na wakati huu lori lake limekwama mpakani na mizigo yake. Nesi wa kliniki yetu akamwambia Cherotich kwamba mimba imefika katikati, wiki ya ishirini, na ni wakati wa kwenda Kericho kufanyiwa ile skani ndefu, inayomwangalia mtoto kiungo kwa kiungo.

Nani wa kumpeleka? Mama Cherotich alisema goti linamuuma. Goti! Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemwona akiruka mtaro akikimbiza kuku. Lakini sikusema kitu, kwa sababu nilijua goti halikuwa na shida yoyote, na wewe pia unajua shida ilikuwa wapi.

Shida ilikuwa Kiprop.

Haya, nimelitaja hilo jina. Najua ulisema lisitajwe. Kaa kwanza, nitafika huko.

Unakumbuka asubuhi ile. Mtoto wenu wa kwanza, aliyezaliwa mvua ikinyesha, Cherotich akiwa hajafikiriwa hata kidogo. Midomo yake ilikuwa ya zambarau, na akinyonya alikuwa anaachia katikati apumzike, kama mtu mzima anayepanda mlima na gunia. Tulishuka mimi na wewe kumpeleka hospitali ya misheni. Wewe ulimbeba ndani ya koti, mimi nilitangulia na fimbo nikikung'uta umande kwa nyasi usikuloweshe miguu. Tulipovuka reli ukaniambia, "Kibet, ongea kitu. Chochote." Basi nikaanza kukupigia ile hadithi ya siku niliyosimamisha treni ya mizigo kwa kupeperusha gauni jekundu la nyanya yetu, na dereva akashuka kunisalimia akidhani mimi ni mkubwa wa reli. Ulijua ni uongo, kwa sababu siku hiyo ya treni tulikuwa pamoja na tulikuwa tumejificha kichakani. Lakini ulicheka, na kicheko chako kilimfanya Kiprop afungue macho ndani ya koti. Nikaongeza. Nikasema dereva alinipa filimbi. Nikasema nimekataa.

Daktari alituambia moyo una vyumba vinne, na wa Kiprop ukuta mmoja haukujengwa. Hakukaa sana na sisi. Na tulipomaliza yote, ulisimama langoni ukasema, "Jina hili lisitajwe tena kwa hii boma. Mamake hataweza." Ukatuangalia mmoja mmoja. Hatukulitaja. Cherotich akazaliwa, akakua, akaolewa, akijua yeye ndiye kifungua mimba wako.

Kwa hiyo Mama Cherotich aliposema goti, nilimwambia apumzike, nitaenda mimi. Nilivaa suti. Nilivaa kofia yako. Nilimwambia Cherotich asiogope, kwa sababu anaenda na mtu anayejulikana Kericho mzima, mtu ambaye walinzi wa malango wanasimama wakimwona.

Mlinzi wa lango aliniambia nifungue koti anipapase.

Mahali pa kungojea palijaa akina mama na matumbo yao, na wanaume wawili watatu waliokuwa wanaangalia simu kama watu walioibiwa. Mimi siwezi kukaa kimya mahali watu wana wasiwasi, unanijua. Nikaanza kuwaeleza akina mama vile nilivyomzalisha ng'ombe wa padri kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa umeshika mwavuli. Nikawaambia mimi nina damu ya udaktari, ni shule tu iliniacha nikiwa darasa la sita, na hata hivyo ni mimi niliyeiacha. Mama mmoja mnene mwenye leso ya kijani akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu.

"Mzee," akasema, "kwani wewe una miezi mingapi?"

Wakacheka wote mpaka nesi akachungulia. Cherotich alificha uso kwa mkoba. Alicheka kama wewe, ndugu yangu, mabega yakipanda na sauti ikikataa kutoka.

Halafu tukaitwa kwa chumba cha nesi. Mama wa makamo, mpole, kalamu imechomekwa kwa nywele. Akampima Cherotich presha, akamtoa damu ya kuangalia wingi wa damu na sukari. Akamwambia kuna kipimo kingine cha damu ambacho wengine hufanyiwa mapema, lakini hicho hakisemi mtoto ni mgonjwa au ni mzima, kinakisia tu uwezekano, na ukiwa mkubwa ndipo wanatafuta jibu kwa vipimo vingine. "Kwa hivyo mtu akikuambia majibu yake yalikuja mabaya," akasema, "usianze kulia naye. Muulize kwanza yalisema nini." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyevumbua hicho kipimo.

Ndipo akauliza. "Kwa familia yenu, kuna mtoto yeyote aliyezaliwa na shida? Ya moyo, ya mgongo, ya kichwa?"

"Sisi?" Nikaruka kabla Cherotich hajapumua. "Madam, ukoo wetu hauugui. Babu yetu alikufa na meno yake yote, na mengine ya jirani."

"Hakuna," Cherotich akasema akicheka. "Mimi ndiye wa kwanza kwa mama yangu, na niko sawa kabisa."

Nesi akashusha kalamu aandike.

Kiplangat, ulimi wangu unaujua. Haujawahi kukosa kazi tangu niote meno. Siku hiyo ulikaa chini ukakataa kuamka. Niliangalia ile kalamu ikishuka, nikaona mdomo ule wa zambarau ukiachia titi upumue. Nikakuona langoni. Nikajiambia, ndugu yangu alikataza. Halafu nikajiambia, ndugu yangu alikataza kwa sababu alitaka kuwalinda watu wake, na huyu aliyeketi hapa ni mtu wake, na aliye ndani yake pia.

"Ngoja," nikasema. "Kuna mmoja."

"Mmoja wa nani?" Cherotich akauliza.

"Wa baba yako na mama yako. Kabla yako. Moyo wake ulikuwa na ukuta ambao haukujengwa."

Sikusema vizuri. Nilisema kama mtu anayetema mwiba wa samaki. Nesi akaweka kalamu chini, akaniuliza pole pole alikuwa na umri gani, daktari alisema nini, kama kuna mwingine upande wa mama. Nikajibu nilichojua, bila kuongeza hata dereva wa treni. Halafu akamgeukia Cherotich, akamshika mkono.

"Sikiliza mama. Hii haimaanishi mtoto wako ana shida. Watoto wengi kwa familia kama hizi wanazaliwa wazima kabisa. Inamaanisha tu kwamba mwenye kupiga picha atauangalia moyo kwa makini zaidi. Ni vizuri baba mdogo amesema."

Tulirudi kwa benchi kungoja. Yule mama wa leso ya kijani alitaka kunichokoza tena, akaona uso wangu, akaacha.

"Alikuwa anaitwa nani?" Cherotich akauliza.

"Kiprop."

"Kwa hivyo mimi si kifungua mimba."

"Wewe ni kifungua mimba wa waliobaki."

"Baba mdogo," akasema, na hakuwa amekasirika, ingekuwa afadhali angekasirika, "wewe unaongea kuanzia asubuhi mpaka ng'ombe warudi. Umeniambia habari za hiyo treni tangu nikiwa na meno ya maziwa. Na hii hukuniambia."

Nikamwambia nimekosa. Andika hiyo mahali huko uliko, ndugu yangu, kwa sababu haitatokea tena.

Chumba cha skani kilikuwa na giza kidogo. Mwenye mashine ni msichana wa Kisii anaitwa Moraa, mdogo, mkavu, anaongea kama mtu anayepanga vyombo. Aliponiona akataka kunitoa, Cherotich akasema, "Acha akae. Akiwa nje atawauzia watu ng'ombe wa padri." Basi pazia likavutwa. Cherotich na tumbo lake upande ule, mimi upande huu na heshima yangu, na televisheni ndogo juu ukutani ambayo sote tungeweza kuiona.

Moraa akatueleza kwanza. "Leo sikutafutii kama ni msichana au kijana. Ninaangalia kichwa na ubongo, uti wa mgongo, moyo, tumbo, figo, mikono, miguu. Halafu niangalie kondo la nyuma limekaa wapi na kama maji yanamtosha mtoto. Itachukua muda. Jeli ni baridi, vumilia. Na nikinyamaza msiogope. Nikinyamaza ninapima."

Akaanza. Televisheni ilikuwa kama ile yetu ya zamani ya betri siku ya mawingu, unakumbuka, tuliyokuwa tunaangalia taarifa ya habari kwa kukisia. Lakini mimi jicho langu ni kali. Nikaona kitu kimejitokeza, kipana, cha heshima.

"Pua ya kwetu hiyo!" nikasema.

"Mzee, hilo ni goti," Moraa akajibu.

Kichwa kiko sawa. Uti wa mgongo ukapita pale kama shanga zimepangwa kwa uzi, nikashangaa mpaka nikavua kofia yako. Figo mbili, kama maharagwe. Miguu miwili, na kila mguu una vidole vyake. Halafu Moraa akanyamaza.

Alikuwa ametuonya. Alikuwa amesema kwa Kiswahili safi kwamba akinyamaza anapima. Lakini mimi, ndugu yangu, nilianza kuhesabu pete za pazia. Upande wa pili wa pazia nilisikia Cherotich akiacha kupumua.

"Sasa nipimie wapi?" Moraa akasema mwishowe. "Huyu mtoto ametugeuzia mgongo. Amekunja mikono, amelalia upande wa moyo. Siuoni vizuri."

Akamwambia Cherotich akohoe. Akamwambia alale upande wa kushoto, upande wa kulia. Akalitingisha tumbo kidogo kwa kile kifaa chake. Mtoto hakujali. Alikaa vilevile, mgongo kwetu, kama wewe ulipokuwa hutaki kuamka kukamua na unajifanya husikii mama akiita.

"Haya, nenda nje utembee," Moraa akasema. "Kunywa kitu kitamu, baridi. Urudi."

Nje mvua ya mchana ya Kericho ilikuwa imeanza, ile isiyobisha hodi, basi tukatembea kwa veranda, kwenda na kurudi, chupa ya soda mkononi. Mimi pia nilikunywa moja, kwa kumwonyesha mtoto mfano. Tulipogeuka mara kadhaa, Cherotich akauliza:

"Alikuwa na nywele?"

"Nyingi. Nyeusi, kama sufuria... hapana, kama... nyeusi tu. Nyingi."

Ndugu yangu, ndivyo nilivyokuwa nimevurugika, hata maneno yalikuwa yanatoka yenyewe. Alinitazama, akaanza kucheka, akicheka analia, mpaka soda ikamwagikia kiatu. "Na baba," akasema akijipangusa, "baba alifanya nini siku hiyo mlipompeleka?"

"Aliniambia niongee."

"Ukamwambia nini?"

Nikamwambia nilichokuambia. Treni, gauni jekundu, dereva, filimbi niliyoikataa. Safari hii sikuongeza kitu. Alisikiliza kama hajawahi kuisikia. Nadhani kweli, kwa namna ile, alikuwa hajawahi.

Tukarudi ndani. Jeli tena. Televisheni tena. Na yule bwana mkubwa, au bibi mkubwa, bado ametupa mgongo.

Moraa alijaribu kila upande. Nikasikia anapumua. "Nina akina mama wengine wanangoja," akasema, bila ubaya. "Nikishindwa leo mtarudi wiki ijayo, mara nyingi mtoto anakuwa amegeuka."

Wiki ijayo! Nilimwona Mama Cherotich wiki nzima akiruka mitaro na goti lake. Nilimwona Cherotich akilala macho wazi akishika tumbo, anajaribu kuhesabu kuta za moyo kwa vidole. Na mimi ndiye niliyewapa hofu hiyo, kwa mdomo wangu. Nikajua lazima nifanye kitu, na kitu kilichokuja ni kile kimoja ambacho mwanamume hana ruhusa nacho.

Unajua kazi ile ya akina mama, mtoto akizaliwa, ya kukusanyika na kumwitia majina ya wazee waliolala, moja baada ya jingine, na ugoro kidogo karibu na pua, mpaka apige chafya, na jina aliloitikia ndilo lake. Sisi wanaume hukaa nje tunajifanya tunaangalia ua. Nilijua si kazi yangu. Nilijua mtoto hajazaliwa. Lakini nilisogea mpaka pua ikagusa pazia, nikaita:

"Babu Chumo!"

Mgongo haukusogea.

"Mzee, unaongea na nani?" Moraa akauliza.

"Na wenyewe."

"Baba mdogo!" Cherotich akapiga kelele. "Hiyo ni kazi ya akina kogo, ya nyanya zetu! Na mtoto hata hajazaliwa!"

"Hajazaliwa lakini ana masikio. Daktari, ana masikio au hana?"

"Anayo," Moraa akasema. "Kwa wiki hizi ndiyo anaanza kusikia. Kwetu pia tunaita majina ya waliotangulia, mzee, lakini tunangoja mtoto atoke kwanza."

"Nyinyi mna subira. Endelea kuangalia. Babu Chumo!"

Babu Chumo, aliyekuwa na sauti ya kusimamisha fahali, hakutikisa hata kidole. Nikamwita nyanya Taprandich, aliyeweza kumgombeza ng'ombe mpaka atoe maziwa zaidi. Wapi. Nikamwita Kimalel. Nikamwita shangazi Tabutany, yule aliyekuwa anafungia chumvi kwa sanduku na kulala juu ya ufunguo, na hapo Moraa akasema, "Amepiga teke," nikajibu kwamba hata mimi ningepiga. Nilifika mahali ambapo jina la Kiprop lilikuwa linafuata, na ulimi ukaliruka wenyewe. Nikafika kwako. Nikakuita Kiplangat kwa sauti ya kanisani. Nikakuita tena kwa sauti ya kuita ng'ombe jioni. Nikaendelea kuita, jasho limeniingia kwenye kola, na sijui nje walidhani ni nini, mpaka Moraa akapaza sauti:

"Usiache! Usiache mzee, anageuka!"

Nikainua macho kwenye televisheni. Ule mgongo wa shanga ukasogea, ukazunguka pole pole kama mtu anayegeuka kitandani, na katikati ya kile kivuli nikaona kitu kidogo kinapigapiga kama kifaranga ndani ya ngumi.

Moraa akanyamaza tena. Safari hii nilijua anapima. Haikusaidia.

"Chumba kimoja," akasema. "Cha pili. Cha tatu. Cha nne." Akasogeza, akasogeza tena. "Ukuta huu hapa. Mama, unaona huu mstari? Ni ukuta. Umejengwa."

Nilisikia karatasi ile wanayotandika kitandani ikitetemeka chini ya Cherotich. Moraa akatueleza bila haraka kwamba skani haioni kila kitu, na kwamba kwa sababu ya yule mtoto wa kwanza atamwomba daktari wa mioyo ya watoto aangalie tena baadaye, kwa uhakika tu. "Lakini kile mlichokuja mnakiogopa," akasema, "leo sikioni." Halafu akaongeza, "Mzee, unaweza kukaa. Kuna kiti nyuma yako." Nilikuwa nimeshikilia pazia na pete mbili zilikuwa zimeng'oka.

Tulipofika nyumbani Mama Cherotich alikuwa langoni, goti zima kabisa. Hakuuliza. Aliniangalia mimi, na mimi nikaangalia ua.

"Mama, moyo uko sawa," Cherotich akamwambia. "Vyumba vinne. Sasa nataka uniambie habari za Kiprop."

Nilijiandaa kukimbia, kwa sababu mkeo alikuwa ameshika mwiko. Lakini alikaa tu chini juu ya mtungi wa maziwa uliokuwa umefunikwa, mwiko magotini. Halafu akasema, "Alikuwa anapenda kushika ndevu za baba yako. Akizishika, haachi." Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akimtaja tangu siku ile ya lango. Wakaongea, ndugu yangu, wakaongea mpaka ng'ombe wakaja wenyewe kwa mlango wa jikoni kuuliza kama wamesahauliwa. Nimevunja neno lako, na boma halikuanguka. Limepumua. Juzi nilimkuta Mama Cherotich akimweleza jirani kwamba amezaa mara mbili. Alisema wazi, akichambua mboga, kama mtu anayesema ana mashamba mawili.

Na sasa, kwa sababu naona karatasi inaisha, kuna jambo dogo.

Jioni ile waliniuliza mtoto aligeuka kwa jina gani. Mama Cherotich aliniuliza akinitazama machoni. Nikasema, "Kwa la Kiplangat." Alilia, akacheka, akasema hata huko uliko huwezi kutulia. Kesho yake kanisa zima lilijua. Mpaka Kirui, kule mpakani, ameanza kumwita mtoto Kiplangat kwa simu.

Hukugeuza mtu, ndugu yangu. Nilikuita mpaka koo likakauka, na mtoto akakaa vilevile, mgongo kwangu. Hapo nikakasirika. Nikapiga pazia kofi nikasema, "Wewe mtoto! Unajua ni nani anaongea? Ni mimi! Kibet!" Ndipo Moraa akasema usiache. Na mimi sikuacha. Nilisimama pale nikiita Kibet, Kibet, Kibet, jina la mtu aliye hai, mpaka moyo ukaonekana. Cherotich anajua. Tangu siku hiyo akinituma maji, ninaenda.

Ndiyo maana nimeandika barua hii wazi: siku mtoto akizaliwa, akina mama wasikubali habari zangu. Wakusanyike na ugoro wao, waanze upya, kwa utaratibu, na majina ya watu waliolala kweli. Maana ninaogopa, Kiplangat: mtoto huitikia majina ya waliolala tu, na huyu ameitikia langu. Ninavaa sweta mbili. Sipandi pikipiki. Nimekunywa dawa ya minyoo, ya nini sijui. Kama huko wameshaniwekea kiti karibu na chako, tandaza koti lako juu yake, useme kina mtu.

Pumzika, na usiniite,

mdogo wako Kibet, ambaye bado yuko huku.